Njia yenye ninachagua inageuzaka gemu kweli, ao ni maneno tu?

katuba_manete
Bandugu yambo. Niko L'shi, Katuba. Yaya yangu aliniachia ordinatere yake, ya zamani kidogo lakini inatembea, sasa nataka gemu MOJA ya masasi yenye unakomalisha mutu wako na kuchagua njia. Moja tu, juu kushusha giga 70 ni makuta ya mwezi muzima, na ninashushaka usiku, kuran ikikatika ninalala iko 43% ninaamuka asubui iko paka 43%.

Kenye kinanisumbua: kwa rafiki nilichezaka Cyberpunk 2077. Mara ya kwanza nikachukua njia ya Corpo (mutu wa kampuni kubwa), nikamaliza yote. Mara ya pili nikarudilia na Nomad (mutu wa kuhamahama), nikasema sasa nitaona dunia ingine. Mwanzo kweli ni ingine, uko mu jangwa na gari yako, lakini kisha kidogo tu ni rafiki Jackie ule ule, kazi ile ile, mulango ule ule, kenye kimebadilika ni masentesi ya kujibu. Nikajisikia sawa mutu alinunua maandazi mbili anakuta ni moja wamekata katikati. Munanishauri nini?

fundi_kamalondo
Mudogo, ulishika mukia ukasema ni tembo. Ile ya Nomad na Corpo ni kanzu tu, kila mutu anajua. Lakini gemu ile ile, ile sehemu yake ya 2023, Phantom Liberty, ukimusaidia Songbird, mwanamuke mwenye anataka kukimbia, unaenda kupigana masasi paka ku uwanja wa vyombo vya anga, ukikamatana na Reed, ajenti mwenye anamufuata, unajikuta chini ya udongo unajificha roboti moja yenye bunduki yako haiiwezi hata kidogo, unapita polepole unashikilia roho. Hapo si masentesi tena, ni mikono inabadilika. Shida, haitembeake ku PS4, na ile ordinatere ya yaya itatoa moshi.

kivu_wa_ziwa
Mi niko Bukavu. Mimi nafanyaka hesabu mbele ya kulia. Munakumbuka BioShock ya 2007, batoto batoto bale, kumuokoa ao kumumaliza? Batu balikosa usingizi. Ukimumaliza unapata ADAM 160 (ni kama makuta ya kununua nguvu), ukimuokoa 80. Lakini ukiokoa batatu banakuletea zawadi, mu ndani 200. Piga: 240 na 200 ni 440. Mwenye alimaliza batatu iko na 480. Dhambi yote ile imekulipa 40 😂 Mwisho wa hadithi unabadilika, ndiyo, lakini njiani unapiga masasi yale yale.

mama_piksel
Munachanganya bintu mbili. Kuko kuchagua na mudomo na kuko kuchagua na mapointi ya kukomalisha mutu wako. Deus Ex: Human Revolution, 2011, mapointi yangu yote niliweka ku kujificha na kufungula maordinatere ya batu, sikuua mutu, najisikia malaika. Nafika kwa bosi wa kwanza, adui mukubwa, chumba kimefungwa, hakuna njia ya nyuma, ye iko na bunduki nene mi niko na ka pistole ka kulalisha. Nilikufa mpaka nikahesabu vigae vya pale chini. Mu 2013 batengenezaji bakatoa ingine, Director's Cut, wakaweka njia za kumushinda bila kupigana uso kwa uso, kumaanisha nao balijua.

fundi_kamalondo
Haki yako yaya. Njo maana mi ninasema Borderlands 2 ni mwaminifu kuliko zote, hadithi haikuulize kitu, lakini unachagua mutu wako: Salvador anashika bunduki mbili mara moja na Zer0 anapotea machoni, kila mumoja ni gemu yake.

katuba_manete
Sawa lakini mi nataka byote bibili, mudomo na mikono. Na isikuwe nzito.

mama_piksel
Basi Fallout: New Vegas, 2010, haifike hata nusu ya giga zako. Kundi la Legion wakikuchukia wanatuma bauaji bakufate mu barabara, haijalishi uko na masasi ngapi. Fasi ulikuwa unauza bintu jana, leo banakupiga kutoka mbali. Ukivaa nguo za kundi lingine wanakuona wa kwao, mpaka mbwa wakunuse. Na ku vita ya mwisho pale Hoover Dam, mwenye anasimama pembeni yako ni yule ulimutendea vizuri mbele. Ila ukimaliza imeisha, hairudi kuzunguka. Na sovegade kila kona, inaangukaka yenyewe hata kuran iko.

kivu_wa_ziwa
Na hapo sina hesabu ya kupinga.

katuba_manete
Aksanti sana. Nimebamba kushusha, iko 12%. Swali moja: ile akili ya mutu wangu niweke 1 ao 10?

mama_piksel
9, upate mapointi mingi.

fundi_kamalondo
Usimusikilize. Weka 1, kisha jaribu kuongea na batu.