Naomba ushauri: nasoma maisha ya watu waliopendana zaidi ya wawili, nami nimelelewa na mama wawili

Binti wa Rungwe:
Habari za jioni wanajukwaa. Niko Uyole, Mbeya, nina miaka 34, nimeolewa, mume wangu ana mke mmoja na sitaki kubadilisha hilo. Nalisema mapema ili mjadala usihamie huko.

Mwaka huu nimekuwa nikisoma wasifu na kumbukumbu za watu walioishi kwenye mapenzi ya zaidi ya wawili, wote wakijua, wote wakiridhia. Nilianza na kitabu cha Jill Lepore cha 2014 kuhusu William Moulton Marston, Mmarekani aliyemtunga Wonder Woman. Aliishi nyumba moja na mkewe Elizabeth na mwanamke mwingine, Olive Byrne. Kila mmoja alimzalia watoto wawili. Elizabeth alikwenda kazini, Olive akabaki na watoto wote wanne. Elizabeth alipopata binti, alimpa jina la Olive. Marston akafariki 1947, lakini wale wanawake hawakuachana. Olive alipofariki 1990 walikuwa bado pamoja.

Hapo nilifunga kitabu nikalia. Baba yangu alikuwa na wake wawili, kijiji cha karibu na Tukuyu. Alipofariki, ukoo ulitegemea mama mdogo arudi kwao. Mama akagoma. Wakapalilia migomba pamoja, wakachuma chai pamoja, na Juni baridi ikizidi walikuwa wakijifunika blanketi moja. Mama alifariki miaka mitatu iliyopita. Mama mdogo yupo, amevuka 70.

Nisome nini tena? Na je, nikimuuliza mama mdogo habari za ndani ya nyumba ile, nitakuwa nimemvunjia heshima?

Msomaji wa Kihesa:
Pole kwa kufiwa, dada. Ila tusichanganye. Baba yako alikuwa na mitala, na Sheria ya Ndoa ya 1971 inaitambua. Mume ana wake wawili, lakini mke hana ruhusa ya mume wa pili. Ukitaka watu waliopeana uhuru pande zote, soma Simone de Beauvoir na Jean-Paul Sartre, Wafaransa. Mwaka 1929 walikubaliana kwamba kila mmoja yuko huru kupenda wengine na watakuwa wanaambiana.

Lakini usiishie kwao. Bianca Lamblin alikuwa mwanafunzi wa Beauvoir, akaingia kwenye mapenzi na wote wawili akiwa binti mdogo, kisha wakamwacha. Barua za Beauvoir kwa Sartre zilipochapishwa 1990, ndipo akasoma jinsi walivyokuwa wakimzungumzia. Akaandika kitabu chake, kikatoka 1993. Mimi niliposoma pande zote mbili nilijiona mjinga kwa kuwaamini wale wawili peke yao kwa miaka yote hiyo.

Mtumishi_Mafinga:
Dada yangu, mimi nasema wazi: hayo ni uzinzi, hata yakiandikwa vizuri. Mungu aliumba Adamu na Hawa. Soma vitabu vya kujenga ndoa yako.

Binti wa Rungwe:
Asante mtumishi, nimekusikia. Ila mama zangu wote wawili walinifundisha kusali, na siwezi kuwaita hivyo.

Mama Njombe:
Mwanangu, mimi mwenyewe ni mke wa pili, mwaka wa 26 sasa. Hakuna mtoto hata mmoja aliyewahi kuniuliza. Wanaona aibu kwa niaba yangu. Nenda ukamuulize.

Ila usimuulize "mlipendana?" Hilo hatalijibu. Muulize nani alimkanda mwenzake alipojifungua. Nani alishika funguo za ghala. Siku wamenuniana, nani alianza kusalimia. Mpelekee sukari na kitenge, kaa naye jikoni, menya naye ndizi. Na siku ya kwanza usitoe simu ya kurekodi.

Mzee wa Gangilonga:
Tafuta kumbukumbu za Emily Ruete, yaani Sayyida Salme wa Zanzibar, zilizotoka 1886. Alizaliwa 1844 jumba la Mtoni, binti wa Sayyid Said na suria, akakulia kati ya masuria wengi wa baba yake. Si mapenzi ya makubaliano, suria hakuulizwa. Lakini anaandika kama mtoto aliyekuwa ndani, wala si mgeni anayeshangaa.

Kisha msome Angelica Garnett, Mwingereza, kitabu cha 1984. Mama yake, Vanessa Bell, aliishi na wasanii waliopendana kwa uhuru mkubwa. Angelica alikua akidhani baba yake ni Clive Bell, mume wa mama. Ukweli kwamba ni Duncan Grant, aliyeishi naye nyumba moja, aliambiwa akiwa msichana mkubwa. Hata watoto wa Olive waliambiwa baba yao alishakufa, naye yuko mezani anakula nao. Kwa hiyo binti, wewe ulijua mama zako ni nani na baba yako ni nani. Andika ukianzia hapo.

Binti wa Rungwe:
Naleta mrejesho. Jumamosi nilipanda gari Kabwe nikashuka Tukuyu na sukari kilo mbili na kitenge. Tumemenya ndizi karibu saa nzima bila mimi kuuliza lolote la maana. Halafu nikauliza la Mama Njombe, nani alimkanda mama nilipozaliwa.

Akasema, "Mimi. Nilikuja kwa kazi hiyo." Akanyamaza, akaokota ganda lililoanguka. "Baba yako hakunichumbia. Mama yako ndiye aliyekuja kwetu."

Sikujua. Miaka 34 sikujua. Nikamuuliza kwa nini, akasema maji yamechemka. Jumamosi hii narudi.