Mama anauza kiwanja ili mdogo wangu aingie jeshini, na askari mwenyewe ni mimi

Kisigino Kigumu: Wakuu, niko Gongo la Mboto kwa mama, nimepata ruhusa ya siku 2 na chakula hakishuki.

Mdogo wangu kamaliza miaka 2 ya kujitolea Jeshi la Kujenga Taifa, JKT. Karudi na cheti na sanduku la bati, miezi saba sasa anashinda barazani. Sasa kuna mtu kampigia mama, anajiita afande, anataka milioni 2 "ya faili". Mama keshaita dalali wa kiwanja cha Chanika. Nikimwambia mama kuwa huyo ni tapeli, ananijibu: "Wewe ulishapita, ndiyo maana unabana mlango."

Mimi hakuna aliyenipitisha. Kambini JKT mchakamchaka alfajiri, mchana jembe. Usaili wa kwanza nikarudishwa, cheti cha kuzaliwa na cha shule vimepishana herufi moja ya jina. Nikabeba zege Mbagala mwaka mzima huku nafuatilia hiyo herufi. Awamu iliyofuata nikapata, nikapelekwa Kihangaiko, chuo cha kuruta wa jeshi. Wiki ya kwanza buti lilinichuna kisigino hadi soksi ikagandia kwenye nyama, nikailoweka maji ya chumvi ndiyo itoke. Koplo wa kwata akachungulia, akasema, "Kitaota kingine."

Leo nina cheo cha kupigiwa kelele na kila mtu. Nitamwingizaje mtu? Nimwambieje mama?

Mtoto wa Mgulani: Mkuu, kopa hiyo milioni 2 unitumie mimi, nitakuwa afande mpaka jioni.

Babu Gwanda: Kijana, acha kubishana na mzazi. Mwambie amwalike huyo afande wakutane geti la kambi ya Lugalo saa nne asubuhi, pesa atapewa hapohapo. Atasema yuko safarini, tuma kwenye simu. Mama ataona mwenyewe. Jeshi likitaka watu linatangaza, fomu haiuzwi, na wameshaonya mara nyingi kuhusu hawa. Dogo akague kitambulisho cha NIDA, cheti cha kuzaliwa na cha JKT, majina yafanane. Na asijichore tatuu, nawaona siku hizi.

Pwani Tulivu: Babu, na wale wanaoingia kwa mjomba?

Babu Gwanda: Sijasema hawapo. Nimesema mjomba hapigi simu ya namba ngeni.

Mama wa Kota: Shemeji, pole. Mimi ni mke wa askari. Desemba 2017 habari za Semuliki zilipofika, kwamba vijana wetu 14 wameuawa kule Kongo, wangu alikuwa hukohuko. Siku 2 simu haipatikani. Niliosha vyombo vilevile mara tatu. Alipopiga aliuliza kama gesi imeisha. Sisemi dogo asiende. Ila uzi mzima mmemtaja mama, afande na kiwanja. Yeye anasemaje?

Kisigino Kigumu: Shem, umenikamata. Nimetoka barazani sasa hivi kumuuliza. Kacheka kwanza. Kasema anachotaka ni kuendesha lori la jeshi, na jeshi likikosekana, lori lolote. Kusomea udereva hadi leseni ya magari makubwa, nitamlipia mimi.

Mama alikuwa dirishani, kasikia yote. Kafunga pazia. Dalali anakuja kesho saa tatu na sijasikia akimpigia asije.

Babu Gwanda: Basi hiyo saa tatu uwepo. Na gwanda usivae.