Naombeni ushauri: nisimulieje safari yangu ya Ujiji?

Mwali wa Dunda: Habari zenu wakubwa kwa wadogo. Niko Bagamoyo. Hapa Mji Mkongwe kuna watu tunakutana barazani jioni kusimuliana safari, na Jumamosi ni zamu yangu. Nilikwenda Ujiji na mjomba kwa treni, kuifuata njia ya misafara ya zamani. Mengi ninayo. Pale Tabora mama mmoja aliinua dumu la asali hadi dirishani, akaligeuzia juani tuone halina maji. Lakini kila nikijipanga nakwama. Nianzie wapi, niishie wapi? Hata usingizi sipati.

Pweza Mkavu: Anzia kwenye treni, dada. Sisi tulisimama Saranda, rafiki yangu akashuka kununua kuku. Treni ikaanza kuondoka, akawahi kunirushia kuku dirishani, yeye akabaki. Kuku tulimla njiani, mwenyewe alikuja na treni iliyofuata, kanuna!

Mzee wa Kaole: Binti, mji wako ndio kwao masimulizi haya. Februari 1874 Chuma na Susi walifika hapa na mwili wa Livingstone, wameutoa Chitambo, Zambia ya sasa, kwa miguu. Habari za njiani walikuwa nazo wao, wabebaji. Mtu mwenye safari kama yako hakwami bure. Kuna jambo hujatuambia.

Mwali wa Dunda: Kweli mzee. Tulikwenda kutafuta asili ya babu yao mama na mjomba. Tumekua tukiambiwa alikuwa mfanyabiashara wa pembe, alikuja pwani na mali yake. Kule Ujiji bibi mmoja wa ukoo akatuambia aliletwa mtumwa, angali mtoto. Tangu turudi mjomba hataki litajwe. Nami nimeshawaambia wenyeji wa baraza nitasimulia yote.

Ummu Rahma: Astaghfirullah. Mjomba ni mzazi. Utamvua nguo mbele ya mji mzima? Kuna watoto wa kuoza katika ukoo huo, watu hawasahau.

Mwali wa Dunda: Simvui nguo mtu, dada. Aibu ni ya waliomuuza, mtoto ana kosa gani? Nikiliacha hilo, safari yangu inabaki asali tu. Na mababu wa wengi watakaokaa pale walipita njia hiyohiyo, ila hakuna anayethubutu kuanza.

Kibatari: Hii chai. Treni haifiki Ujiji, reli imeishia Kigoma tangu 1914. Na huyo bibi anakumbukaje mambo ya zaidi ya miaka mia?

Pweza Mkavu: Eh! Nami nimepanda treni hiyo na sikuliona hilo. Dada, tuwekee tiketi.

Ummu Rahma: Nilijua. Watu wanatunga ili wasomwe.

Mwali wa Dunda: Tulishuka Kigoma, tukapanda daladala. Ujiji ni hapo hapo, nani asiyejua? Tiketi alibaki nazo mjomba. Bibi naye hakuona kwa macho, alihadithiwa na bibi yake. Alituambia mtoto yule alimwacha dada yake, akamtaja jina. Ni jina la mama yangu. Babu ndiye aliyempa mama jina hilo, na sisi tulikuwa hatujamtaja mama tangu tuingie uani.

Kibatari: Mnaweza kuwa mlitaja bila kujua.

Mzee wa Kaole: Kibatari, tulia kidogo. Binti, mjomba alilisikia jina hilo?

Mwali wa Dunda: Alilisikia. Alivaa viatu akatoka nje, hakurudi mpaka adhana ya Magharibi.

Mzee wa Kaole: Basi hapo si pa kukupangia mwanzo na mwisho. Nenda kwake kabla ya Jumamosi, peke yako. Usimwombe ruhusa. Muulize kama kipande hicho angependa kukisimulia mwenyewe, maana yule ni babu yake kabla hajawa wako.

Pweza Mkavu: Na akikataa?

Mwali wa Dunda: Nitakwenda kesho baada ya Alasiri. Lakini Jumamosi siiahirishi, watu wameshaalikwa.