Ndugu yangu mwanajeshi mstaafu wa Marekani anarudi Tanga akiwa mwanamke. Nimwandae vipi mama?

BintiMakorora
Assalam alaykum wana jamvi, na habari za wakati huu kwa wote. Naomba ushauri wa kiutu uzima. Anayetaka kutukana anipite, maana hapa nazungumzia damu yangu.

Tumezaliwa watatu, wenyeji wa Makorora. Kifungua mimba wetu alipata green kadi kwa bahati nasibu, akaenda Marekani, na huko akaingia jeshini. Kazi yake ilikuwa kuhudumia majeruhi, na Afghanistan alifika. Mama ana picha yake ya magwanda sebuleni, juu ya saa ya ukutani, na hakuna mgeni anayeondoka bila kuoneshwa.

Ndugu yangu huyu alizaliwa mwanamume. Tangu utotoni nilijua kuna kitu kinamla. Baadaye aliniambia jeshini aliingia kwa makusudi, akiamini kwata na bunduki vitamtoa hiyo hali. Havikumtoa. Aliporudi kutoka vitani usingizi ulimpaa, wenzake wakadhani ni vita tu. Mwaka 2016 jeshi la Marekani lilipoondoa katazo kwa watu waliobadili jinsia, akaenda kwa mkuu wake akasema ukweli. Julai 2017 Trump akatangaza Twitter kwamba watu hao hawatakiwi jeshini. Hebu fikirini, umevaa magwanda, uko zamu, unayasoma hayo kwenye simu. Alimaliza mkataba wake kwa heshima, akatoka.

Kujikubali kulichukua muda mrefu kuliko kutoka jeshini. Kilichomnyanyua ni kukutana na askari wastaafu wenzake wa hali yake, wengine wazee waliompita mbali. Huko ndiko alikojua kwamba hata bendera yao, ile ya samawati, waridi na nyeupe, ilibuniwa mwaka 1999 na Monica Helms, aliyetumikia jeshi la majini la Marekani. Leo anawasaidia askari walioondolewa kwa amri ya Januari 2025. Anawajazia fomu za mafao, anakesha nao kwenye simu wanapokata tamaa. Anazungumza hadharani na sura yake iko mtandaoni.

Sasa mama kapata kiharusi. Mkono wa kulia umelegea, maneno yanatoka taratibu, ila akili ni timamu, na anamtaka mwanawe. Tiketi imeshakatwa. Mama hajui lolote. Miaka yote wanaongea kwa simu ya sauti tu, na ndugu yangu huizidisha sauti uzito kwa ajili yake. Kaka yetu wa kati anajua, na kasema huyo mtu akikanyaga nyumbani yeye anahama.

Nimwambie mama kabla, au amwone mwenyewe? Wanangu waliozoea kusema mjomba wamwite nani? Na usalama wake je?

Mzee wa Muheza
Mwanangu, mimi nilikwenda vita vya Kagera. Kijana wa huduma ya kwanza wa kikosi chetu alinifunga paja huku risasi zinapita, na hadi Kampala inaanguka, tarehe 11 Aprili 1979, nilikuwa bado nachechemea kwa kovu lile. Haya ya kubadili jinsia kwangu ni mageni, siyaelewi vizuri, nasema kweli. Lakini mtu aliyewafunga wenzake majeraha afukuzwe kitandani kwa mama yake, hilo silikubali.

Mama aambiwe kabla. Asije akaambiwa na jirani. Makorora naijua, mtu akishuka kwenye bajaji habari zimeshafika barazani.

Abuu Sakina
Dada, sitakudanganya ili ufurahi. Huntha, aliyezaliwa na maumbile mawili, fikihi imemfungulia mlango wake. Aliyezaliwa mwanamume kamili akajibadili, masheikh wetu wa huku hawaruhusu, na mimi niko nao.

Hata hivyo wema kwa mzazi hauondoki. Mama mgonjwa ana haki ya kumwona mwanawe, na mwana ana haki ya kumuuguza. Huyo kaka anayetishia kuhama ndiye wa kukaa naye chini, tena akae naye mtu mzima anayemheshimu. Wewe mdogo wake hatakusikiliza.

Nesi wa Pwani
Pole kwa kuuguza. Mwambie asubuhi, akishakunywa dawa za presha na kupata chai, akiwepo mtu wa pili anayempenda. Usimwambie usiku, wala siku aliyolala vibaya. Mwambie kwa maneno machache, halafu mwache aulize. Mgonjwa wa kiharusi anachelewa kupata neno, usimmalizie.

Akiuliza kama ni ugonjwa wa akili, mjibu sivyo. Shirika la Afya Duniani liliitoa hali hii kwenye kundi la magonjwa ya akili katika orodha iliyopitishwa mwaka 2019 na kuanza kutumika 2022. Mgeni naye abebe homoni zake za kumtosha safari nzima, zikiwa kwenye makopo yake, pamoja na barua ya daktari.

Watoto wasikusumbue. Ni mkubwa wako, basi ni mama mkubwa. Wewe ukilisema kama jambo la kawaida, nao watalisema.

WakiliKijana
Kanuni ya Adhabu, kifungu cha 154, inaadhibu tendo la kujamiiana kinyume cha maumbile, na adhabu ni kifungo cha maisha au kisichopungua miaka 30. Kubadili jinsia hakutajwi humo, wala mavazi. Ila mtu anaweza kusumbuliwa tu kwa anavyoonekana, kwa hiyo asitembee peke yake usiku.

Kama alichukua uraia wa Marekani, wetu umekwisha, maana hatuna uraia pacha, hivyo anaingia kwa viza. Jina kwenye pasipoti, viza na tiketi liwe moja. Pasipoti yenye alama ya mwanamke kama bado ina muda, aitunze sana, kwani tangu Januari 2025 serikali yao iliamua kutowapa mpya za namna hiyo.

Ngalawa
Harakati aziache huko huko. Akirusha video moja tu akiwa Raskazone, yeye anapanda ndege anaondoka. Atakayegongewa mlango ni wewe na vijana wa hapa.

MchanaKweupe
Ngalawa, mimi ni mmoja wa hao vijana unaowasemea. Niko Tanga hii hii, mtaa sitautaja. Mwaka 2018 mkuu wa mkoa wa Dar alipotangaza kamati ya kuwasaka mashoga, sikulala kwangu. Wizara ya Mambo ya Nje ilisema ule ni msimamo wake binafsi, lakini waliokuwa wanatutolea macho mtaani taarifa ya wizara hawakuisoma.

Kwa hiyo video sitaki hata mimi, na picha asiweke hadi awe ameshaondoka. Lakini msimwambie anyamaze kabisa. Mwanaharakati si lazima ashike kipaza sauti. Akipata saa moja akae ndani na watu wawili watatu, simu zikiwa zimezimwa, atueleze alivukaje usiku ule aliokuwa hapati usingizi, itatosha. Mimi sijawahi kukaa na mtu wa hali yangu mwenye umri wa kuitwa mama mkubwa.

BintiMakorora
Nawashukuru nyote, hata Abuu Sakina. Mrejesho: nimemwambia mama jana asubuhi baada ya dawa, mjomba akiwepo. Alinyamaza muda mrefu. Kisha akauliza kama ni mgonjwa. Nikamjibu nilivyofundishwa na Nesi. Akauliza tena kama huko aliko ana mtu wa kumpikia. Mchana akasema mpigeni, nimwone.

Kwenye video wote wawili walilia. Mama hajakubali yote. Bado anamwita kwa jina la zamani, na kasema akija avae baibui asije akachekwa na watu. Ndugu yangu kajibu baibui atavaa, tena kwa furaha. Kaka kaenda ukweni Pangani na simu hapokei. Mjomba atamfuata Ijumaa.

MchanaKweupe, nimekuandikia faraghani. Kasema saa moja ni ndogo, atakupa siku nzima.

Lililobaki ni usafiri. Basi sitaki, maswali ya abiria njia nzima yatamchosha. Nani anamjua dereva mtu mzima, asiye na maneno, wa kumtoa uwanja wa ndege Dar hadi Tanga mchana?