Mawaziri Wasaidizi (CAS) 50 waliapishwa, wakurugenzi wanakaimu bila posho. Mshahara unafuata kazi au mrengo wa kisiasa?

Wakenya wenzangu, tusizungumzie hili kijuujuu.

Tume ya Utumishi wa Umma, PSC, ilitangaza nafasi 23 za Mawaziri Wasaidizi, CAS. Machi 2023 wakaapishwa watu 50 Ikulu, wakiwemo wanasiasa walioangushwa kwenye uchaguzi wa 2022. Bunge halikuwapiga msasa. Tarehe 3 Julai 2023 Mahakama Kuu ikafuta uteuzi wote, majaji wawili dhidi ya mmoja. Zile nafasi 27 za ziada wananchi hawakuwahi kuulizwa maoni.

Utaratibu unajulikana. PSC inapendekeza cheo (Katiba, 132(4)), majukumu yanaandikwa, Tume ya Mishahara na Marupurupu, SRC, inapima uzito wa kazi na kushauri kuhusu mshahara, Hazina inatenga pesa, ndipo nafasi inatangazwa. Siku hizi jina ndilo linatangulia, kisha kazi inashonwa imtoshe mwenyewe. Na mshahara ni mwanzo tu wa gharama: gari, mafuta, dereva, mlinzi, msaidizi, karani.

Lakini kinachonikera zaidi ni kukaimu. Sheria ya PSC ya 2017, kifungu cha 34, inasema mtu akaimu kwa siku zisizopungua 30 na miezi isiyozidi 6. Posho yake ni asilimia 20 ya mshahara wa msingi wa cheo chake halisi. Miezi sita ikiisha, posho inakatika. Kazi haikatiki! Mtaalamu aliyepanda ngazi moja moja anaendelea kutia sahihi hati za malipo na kujibu hoja za wakaguzi kwa mshahara wa naibu, huku kiti kikingoja mtu wa mrengo. Na kaimu ni rahisi kumbana. Akikataa kuidhinisha malipo yenye walakini, barua moja inatosha kumrudisha alikotoka, wala haihesabiki kuwa adhabu, kwa kuwa cheo hakikuwa chake.

Wabunge wetu waulize kila wizara: makaimu ni wangapi, tangu tarehe gani, na kwa nini nafasi haijatangazwa? Wewe pia unaweza kuuliza. Andika ombi chini ya Sheria ya Upatikanaji wa Habari ya 2016, taja cheo chenyewe, itisha barua ya uteuzi wa kukaimu na ushauri wa SRC. Wana siku 21 za kujibu. Wakinyamaza, peleka kwa Tume ya Haki ya Utawala, na uambatishe nakala yenye muhuri wa kupokelewa. Bila muhuri watasema hawakuiona.