Naomba ushauri: nimepangiwa upasuaji wa kujifungua, nahofia siku za baada yake
Habari zenu wapendwa. Mtoto ametanguliza makalio na hajageuka, hivyo daktari kanipangia upasuaji nikifikisha wiki 39. Nitachomwa sindano ya ganzi mgongoni, nitakuwa macho. Hilo sina shida nalo, natamani sana kumsikia akilia. Hofu yangu ni baada ya hapo. Nitawekewa mpira wa mkojo, na ukitolewa nianze kutembea mapema ili damu isigande miguuni. Mliopitia, mliinukaje kitandani kidonda kikiwa bado kibichi? Mlimnyonyeshaje mtoto bila kuugusa mshono? Na kukohoa je? Mume wangu naye anauliza anisaidie nini, maana nimekatazwa kunyanyua chochote kizito kuliko mtoto. Nisaidieni jamani, zimebaki siku 9.