Tupeane uzoefu: Maandishi ya chini kwenye TV, nani anayatumia nyumbani na aliyawashaje?

Mleta mada, Morogoro

Habari zenu wakuu. Nimeleta hili kwa sababu naamini zipo nyumba nyingi zenye mtu asiyesikia vizuri, na TV ya sebuleni imemtenga bila mwenye nyumba kukusudia. Mtu huyo utamjua tu. Watu wakicheka anamgeukia aliye karibu, anauliza "kasemaje?", anajibiwa "subiri, nitakusimulia". Hasimuliwi. Au akisimuliwa, habari ya nusu saa anapewa kwa maneno matano.

Kwetu ni baba. Alifanya kazi karakana ya reli miaka mingi, vyuma na nyundo kutwa nzima, masikio yakaondoka polepole. Tukawa tunapandisha sauti mpaka jirani analalamika, na bado maneno hayapati. Shida yake si udogo wa sauti. Mvumo anausikia, ila herufi kama s, f na t hazimfikii, kwa hiyo "sita" na "fika" kwake ni kitu kimoja. Kaka yangu alipowasha maandishi kwenye filamu ya Kiingereza, lugha ambayo baba anaisoma vizuri tangu shule, mzee alinyanyua kiti chake kutoka mbele ya kioo akaja kukaa sofani na sisi. Hakusema kitu. Filamu ilipoisha ndiye aliyekuwa anatueleza sisi nani alimuua nani.

Shirika la Afya Duniani, kwenye ripoti yake ya 2021, lilisema watu zaidi ya bilioni 1.5 wana upungufu wa kusikia wa kiwango fulani. Kwa hiyo tusilione jambo hili kama la watu wachache. Njooni mseme: kifaa gani, uliwashia wapi, na kimemsaidia nani?

Fundi Magomeni

Asante kwa mada, mkuu. Mimi kazi yangu ni TV na ving'amuzi, na wateja wananiletea malalamiko yaleyale: "Fundi, nimewasha kwenye TV, mbona hayatokei?"

Shikeni hili moja, mengine yatafuata: maandishi huwashwa kwenye kile kifaa kinacholeta picha. Yanasafiri kama data pembeni ya picha. King'amuzi ndicho kinachoipokea ile data, kinayachora maneno juu ya picha, halafu kinaisukuma picha iliyokwisha kuchorwa kwenye waya wa HDMI kwenda kwenye TV. TV inapokea picha na sauti tu. Ukiingia kwenye mipangilio ya TV ukabadilisha kila kitu, hakuna kitakachoonekana, kwa sababu data yenyewe haikufika huko. Weka chini rimoti ya TV, shika ya king'amuzi. Tafuta kitufe kilichoandikwa SUB, SUBT au SUBTITLE. Kama hakipo, bonyeza OPTIONS au MENU chaneli ikiwa inacheza, utakuta sehemu ya lugha ya sauti na lugha ya maandishi. Na kama chaneli haikutuma maandishi, hakuna fundi atakayeyatoa.

Kama ni filamu ya kwenye Netflix au YouTube ndani ya TV janja, basi mambo yako humo humo ndani ya programu. Kwenye Netflix bonyeza mshale wakati filamu inacheza, chagua maandishi. Ukiona lugha ileile imeandikwa mara mbili, moja ikiwa na alama ya CC (kifupi cha "closed captions"), mpe mzee hiyo yenye CC. Hiyo nyingine ina maongezi tu. Yenye CC inaandika pia simu inaita, mlango unafungwa, mtu anaongea akiwa nje ya picha. Kwa asiyesikia hivyo vitu ni nusu ya hadithi.

Ukubwa na rangi ya herufi: kwenye Samsung na LG ingia Settings, utafute Accessibility, ndani yake kuna Caption au Subtitle. TV za Android nazo zina sehemu hiyohiyo, na ukiiweka kwa Kiswahili utaikuta imeandikwa Manukuu. Ninachowawekea wazee ni herufi kubwa, nyeupe au za njano, juu ya kibao cheusi. Ukiacha herufi nyeupe bila kibao, mchezaji akivaa shati jeupe maneno yanapotea.

Sasa flashi, maana ndiko wengi tuliko. Faili la maandishi huwa linaishia na .srt. Liweke folda moja na filamu, na majina yafanane mpaka nukta. Tofauti iwe zile herufi za mwisho tu. TV nyingi zikiyaona majina yamefanana zinayachukua zenyewe. Kama maandishi yanatangulia au yanachelewa, fungua filamu kwenye kompyuta kwa VLC, ile programu ya kuchezea video: herufi H inayachelewesha, G inayawahisha. Yakiwa yanazidi kuachana kadiri filamu inavyokwenda, usihangaike, hilo faili ni la toleo jingine la filamu. Tafuta jingine.

Mpwani wa Houston

Salaam aleikum ndugu zangu. Mimi niko Texas, kwetu Mombasa. Huku TV yoyote utakayonunua dukani ina maandishi ndani yake, na si kwa hiari ya kiwanda. Matangazo ya kwanza yenye maandishi ya kufichwa, yaani yanayotokea ukiyawasha tu, yalianza 16 Machi 1980, lakini wakati ule ilibidi familia ya kiziwi inunue kijisanduku cha pembeni, na kilikuwa ghali. Mwaka 1990 Bunge likapitisha sheria, na kuanzia Julai 1993 kila TV ya inchi 13 kwenda juu iliyouzwa Marekani ikatakiwa iwe na kisoma-maandishi ndani. Gharama ikagawanywa kwa wanunuzi wote, kiziwi akaacha kulipia peke yake. Hilo ndilo ninalolipenda katika sheria ile.

Mama alikuja kukaa nasi baada ya operesheni ya jicho. Kusikia anasikia, lakini Kiingereza cha Wamarekani kilikuwa kinampita kama gari la moshi. Nikambonyezea CC kwenye rimoti ya kisanduku cha kebo. (Wenye antena, mtaona CC1, CC2 na kuendelea: anza na CC1, ndiyo ya lugha ya kipindi. CC3 mara nyingi ni Kihispania.) Baada ya muda akawa anaisoma taarifa ya habari kwa sauti, polepole, kama anavyosoma juzuu. Akaniuliza hivi vimishale viwili >> ni vya nini. Nikamwambia: hapo amebadilika msemaji. Vikiwa vitatu, imebadilika habari. Tangu siku hiyo ananisahihisha mimi.

Na ukikaa zahanati au uwanja wa ndege huku, TV imezimwa sauti na maandishi yanapita. Kiziwi na anayesikia wanapata habari sawasawa, saa ileile.

Mwalimu wa Kisumu

Hamjambo nyote. Nimesoma kwa makini na ninashukuru, ila naomba niongeze jambo kama mtu aliyelelewa na wazazi viziwi na anayefundisha watoto viziwi.

Maandishi ni mazuri kwa aliyesikia kwanza, akajua lugha, kisha masikio yakapungua, kama baba wa mleta mada. Kwa aliyezaliwa kiziwi, lugha yake ya kwanza ni lugha ishara. Kiswahili au Kiingereza cha kuandikwa ni lugha ya pili, na wengi wamejifunza katika shule zisizo na walimu wanaoashiria vizuri. Mamangu anasoma, lakini mstari unaondoka kabla hajaumaliza. Kwa hivyo msimwambie mtu "tumekuwekea maandishi, shida imeisha". Anahitaji vyote viwili.

Hapa Kenya sheria ya watu wenye ulemavu ya 2003, kifungu cha 39, iliviagiza vituo vya runinga viweke mkalimani wa lugha ishara au maandishi katika habari, vipindi vya elimu na matukio ya kitaifa. Katiba ya 2010 nayo imeitaja Lugha Ishara ya Kenya, na ni mojawapo ya lugha rasmi za Bunge. Hivyo tuna pa kusimamia tunapodai.

Lakini niwaambie tunachokiona sebuleni. Kuna kituo nisichokitaja ambacho mkalimani wake alikuwa amewekwa kwenye kijidirisha kidogo chini kulia, na utepe wa vichwa vya habari ukipita pale pale, unamkata viganja. Ishara ni viganja, uso na kifua. Ukikata viganja umemkata ulimi. Baba aliinuka akaweka kidole kwenye kioo, akatuonyesha: hapa, ona, hapa. Tuliandika barua, mimi nikiwa mkalimani wao. Kijidirisha kilisogezwa juu na kikapanuliwa. Kwa hivyo andikeni, na mseme hasa ni nini hakionekani na saa ngapi. Barua ya "tunabaguliwa" inajibiwa kwa maneno matamu. Ile ya "utepe unafunika mikono kwenye habari za saa moja" inampa mtu kazi ya kufanya.

Dada wa Leicester

Mwalimu, umenigusa sana. Mimi ni muuguzi wa zamu za usiku huku Uingereza, na sikio la kulia silisikii tangu utotoni kwa sababu ya usaha.

Huku wazee bado wanaiita "eight-eight-eight", kwa sababu zamani ulikuwa unabonyeza 888 kwenye rimoti kupata ukurasa wa maandishi. Siku hizi ni kitufe cha Subtitles. Kitu ambacho sijakiona kwingine ni rangi: msemaji mmoja anaandikwa kwa nyeupe, mwingine njano, mwingine samawati, mwingine kijani. Kwenye mjadala wa watu wanne wanaokatizana hiyo inasaidia kuliko kitu chochote, maana mwenye sikio moja hawezi kujua sauti imetoka upande gani.

Vipindi vya moja kwa moja vinachelewa sekunde kadhaa, na sababu yake ni hii: kuna mtu amekaa na kipaza sauti, anasikiliza mtangazaji na kurudia maneno yake kwa sauti moja iliyonyooka, akitamka hata nukta na mkato, na kompyuta inageuza sauti yake kuwa maandishi. Ni kazi nzito ile. Kwenye mpira nimezoea, nasoma picha kwanza, maneno yanakuja baadaye.

Mjukuu wa Muscat

Kwa ufupi tu: chaneli nyingi za dishi huku zinaonyesha filamu za Kiingereza na Kiarabu kimeandikwa chini, na maandishi hayo yamechomwa ndani ya picha. Hayazimiki, hayakuzwi. Bibi yangu aliyezaliwa Unguja Kiarabu cha kusoma haraka hakiwezi. Tulichofanya ni kuhama kwenye dishi kwenda kwenye programu za intaneti ambako lugha na ukubwa tunachagua wenyewe.

Mama Somo, Mwanza

Wote mmezungumza kuhusu kupokea, mimi nitasema kuhusu kutoa, kwa sababu maandishi ya Kiswahili hayatashuka kutoka mbinguni. Sisi tumekulia kwenye filamu za kutafsiriwa kwa sauti, DJ anaongea juu ya wachezaji. Tunazipenda, lakini kwa asiyesikia hakuna kilichobaki humo.

Naweka masomo ya sayansi ya msingi kwenye YouTube. Mzazi wa binti mwenye usikivu hafifu aliniandikia kwamba mwanawe anaangalia midomo yangu, na nikigeukia ubao somo linakatika. Nikaanza kuandika mwenyewe. Unafungua sehemu ya Manukuu kwenye YouTube Studio, unachagua Kiswahili, unaandika sentensi na kuzipangia muda, au unapakia faili la .srt ulilolitengeneza. Mstari mmoja usizidi maneno sita au saba, mistari miwili kwa wakati mmoja basi. Usikate mahali pabaya: "maji ya / moto" inamchanganya mtoto, weka "maji ya moto" pamoja. Sauti nazo ziandike kwenye mabano ya mraba: [maji yanachemka], [kengele ya shule], [wanafunzi wanacheka]. Na mtu akiongea haonekani, taja ni nani.

Somo la dakika kumi linanichukua jioni nzima, lakini binti yule sasa ananiandikia maswali yeye mwenyewe, na la mwisho lilikuwa kuhusu kengele: inakuwaje sauti yake ipite ukutani? Somo la mawimbi ya sauti napakia Jumamosi likiwa na maandishi tayari. Mwalimu wa Kisumu, ukipata mtu wa kuashiria, video nitakutumia ambayo haijakatwa ili umpe nafasi kubwa upande wa kulia, viganja vionekane vyote.